Ukiacha baleti, usimwache daktari

Huenda ukashangaa. Daktari wa mtaa wa Manyatta, anayeshinda kutwa nzima akitibu malaria, kuhara na shinikizo la damu, ana habari gani na baleti? Hapa kwetu mtu akisema anacheza, tunafikiria ohangla, kwaya ya kanisa au mashindano ya shule. Hata mimi ningalikujibu vivyo hivyo hadi Jumatatu moja mwaka wa 2023, alipoingia chumbani mwangu msichana wa miaka 19 akichechemea, akifuatana na shangazi yake ambaye huuza omena katika soko la Kibuye.

"Daktari, huyu ni mtoto wa ndugu yangu," akasema yule mama kabla hata hajaketi. "Alikuwa Nairobi kwa hayo mambo ya kucheza. Sasa karo imekwisha, amerudi nyumbani, na mguu umemkataa."

Nilimwuliza msichana ni kucheza kwa namna gani. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni baleti, tangu akiwa na miaka tisa. Nikaubonyeza wayo wake wa kulia. Palikuwa na mahali pamoja tu, juu ya wayo nyuma ya kidole cha pili, palipomfanya aruke. Hapakuwa na uvimbe wala wekundu. Nje foleni ilifika hadi langoni. Nikamwandikia vidonge vya maumivu, nikamwambia apumzike majuma mawili, nikaita mgonjwa mwingine.

Nikiri hapa mbele yako, msomaji, kwamba nilikosea. Alirudi baada ya majuma matatu, hali ikiwa mbaya zaidi, na safari hii alimwomba shangazi yake asubiri nje. Ndipo akaniambia alilokuwa nalo moyoni: kwamba hajaona hedhi kwa miezi 14. Shangazi alikuwa amekwisha kumpima mimba mara mbili kwa vipimo vya duka la dawa. Mara zote mbili hapakuwa na mimba, lakini majirani walikuwa wameanza kunong'ona, na yule mama alikuwa anafikiria kumpeleka kwa mganga. Mguu na hedhi, msichana hakujua kwamba ni jambo moja. Mimi nilipaswa kujua.

Tulimpiga eksirei. Katika mfupa wa pili wa wayo kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, na pembeni mwake mfupa mpya umeanza kujijenga. Ule ulikuwa ufa. Hakuanguka wala hakupigwa na mtu. Mfupa ulikuwa umechoka tu, na haukuwa na akiba ya kujitengenezea.

Wanakotoka

Kabla sijaeleza zaidi, acha nikukumbushe kwamba baleti si jambo geni nchini Kenya. Kwa miaka mingi shule za kibinafsi za Nairobi zimefundisha watoto kwa mitihani ya Royal Academy of Dance, chama cha London kilichoanzishwa mwaka wa 1920. Ilikuwa michezo ya watoto wa wenye nazo. Mambo yalibadilika pale shirika la Uingereza liitwalo Anno's Africa lilipoanza kufundisha sanaa katika shule za mitaa ya mabanda. Huko Kibera, mwalimu Mike Wamaya alifundisha baleti katika madarasa ambamo madawati yalitolewa nje kwanza ndipo watoto wapate nafasi ya kunyoosha miguu. Mwaka wa 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 50 bora walioorodheshwa kwa tuzo ya kimataifa ya ualimu. Mwaka wa 2015 nayo shule ya Dance Centre Kenya ilifunguliwa Nairobi na Mmarekani Cooper Rust, aliyewahi kuwa mchezaji mwenyewe.

Jina lililovuma zaidi ni la Joel Kioko. Alikulia mtaa wa Kuwinda, huko Karen, akaanza kucheza katika darasa la shule ya umma lisilokuwa na kioo wala ule upao wa kushikia. Mwishoni mwa 2016 magazeti ya dunia yaliandika habari zake alipocheza peke yake jukwaani Nairobi, na baadaye akapata nafasi ya kusomea English National Ballet School mjini London.

Habari kama hiyo hufurahisha, nami nilifurahi. Lakini kwa kila mmoja anayepanda ndege kuna darasa zima linalobaki. Hivyo ndivyo ilivyo hata London na New York: wanaomaliza mafunzo ni wengi kuliko nafasi za kazi katika makundi ya baleti, na wengi wao huishia kuwa walimu wa densi, wakufunzi wa jimu, wanasarakasi katika hoteli za Pwani, au wanafunzi wa vyuo katika taaluma isiyohusu densi hata chembe. Wengine huacha kwa sababu ya karo, wengine kwa kuumia, na wengine kwa sababu walirefuka au wakanenepa na mwalimu akaacha kuwatazama. Ajabu ni kwamba mwili hauna habari kwamba shule imekwisha. Miaka kumi ya mazoezi imeandikwa ndani yake, mema na mabaya pamoja.

Hata wale wanaofaulu hawachezi hadi uzeeni. Katika jumba la Opera la Paris, mchezaji hustaafu na kupewa pensheni akiwa na miaka 42, umri wangu huu huu ambao kwanza nimeanza kujiona daktari mzima. Uingereza ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wachezaji kutafuta kazi nyingine mwaka wa 1973, na Marekani ikafuata mwaka wa 1985, kwa kuwa waliona watu wa miaka 35 wakitoka jukwaani bila ujuzi mwingine na wakiwa na magoti mabovu. Huku kwetu mfuko wa namna hiyo ni mfuko wa shangazi, na kilichomo ni faida ya omena.

Mfupa na njaa

Sasa turudi kwa msichana wetu. Mfupa wa binadamu si jiwe. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa tena. Mtu anayeruka na kutua mamia ya mara kwa siku huubomoa kwa kasi, na kama anakula na kupumzika vya kutosha, huujenga ukawa imara kuliko wa mtu wa kawaida. Ndiyo maana mchezaji mwenye afya njema ana mifupa mizuri sana ya miguu. Taabu huanza chakula kinapokuwa kidogo kuliko kazi.

Mwili ukiona njaa haiishi, hufanya kama mama mwenye nyumba aliyepungukiwa. Hukata kwanza yale yasiyo ya lazima leo, na katika hesabu ya mwili, kubeba mimba si lazima leo. Ubongo hupunguza amri kwa ovari, homoni ya estrojeni hushuka, hedhi hukatika. Lakini estrojeni ndiyo pia mlinzi wa mifupa. Ikishuka, ubomoaji unaendelea na ujenzi unapungua. Isitoshe, wakati wenyewe ni mbaya, kwa sababu karibu sehemu tisa kwa kumi za akiba yote ya mifupa huwekwa kabla ya mtu kutimiza miaka 20 hivi. Anayekosa kuweka akiba hiyo akiwa na miaka 16 hataipata yote hata akila vizuri akiwa na 30.

Haya yalijulikana zamani. Mwaka wa 1986 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wachezaji baleti 75. Waliochelewa kuvunja ungo, na waliokaa muda mrefu bila hedhi, ndio waliopatikana na mifupa iliyovunjika zaidi, na karibu robo ya wachezaji wote, asilimia 24, uti wao wa mgongo ulikuwa umepinda kwenda upande. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina jipya ili madaktari watambue kwamba haiwahusu wasichana peke yao. Mvulana anayefanya mazoezi mengi kuliko anachokula naye homoni zake hushuka, hamu yake hupotea, na mifupa yake hulegea. Yeye hana hedhi ya kumwonya, ndiposa huchelewa kujulikana.

Nilimwuliza msichana alikuwa akila nini kule Nairobi. Chai asubuhi. Mchana ndizi moja, maana darasa lilianza alasiri na hakutaka tumbo lionekane. Jioni sahani ya wali na kabeji katika nyumba aliyopanga na wenzake watatu. Sehemu ya hayo ilikuwa ni kutaka kuwa mwembamba, na sehemu ilikuwa ni kukosa pesa. Vitabu vyetu vya udaktari vilivyoandikwa Ulaya hutaja sababu ya kwanza tu.

Hapa naomba msomaji anielewe vizuri. Si kila mchezaji asiyeona hedhi ana njaa. Kwanza pima mimba, bila aibu na bila kelele. Pili uliza kama anatumia sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu, maana hiyo pia hukatiza hedhi na hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi ikitumiwa muda mrefu. Binti anayechomwa sindano hiyo kwa siri anaweza kumtazama mamake machoni na kusema hajui sababu. Kuna pia matatizo ya tezi la shingo, uvimbe mdogo katika tezi ya ubongo, ovari zenye vifuko vingi, na katika eneo letu hili, kifua kikuu kilichoingia katika njia ya uzazi. Kanuni ni rahisi: msichana ambaye hajavunja ungo akiwa na miaka 15, au aliyekuwa akiona hedhi kisha ikakatika kwa miezi mitatu, anastahili kuonwa na daktari, awe anacheza densi au anauza mitumba.

Vidonge vya kupanga uzazi huwa vinatolewa ili "kurudisha hedhi". Damu itaonekana, kweli, lakini ubongo haujabadili neno. Ni kama kuzima kengele ya moto bila kuzima moto. Dawa yenyewe ni chakula zaidi na kazi kidogo, kwa miezi kadhaa, na uvumilivu.

Chakula cha Manyatta

Nilipomwambia shangazi kwamba dawa iko katika karai lake mwenyewe, alicheka kwa mara ya kwanza. Omena huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hivyo ana madini ya kalisiamu kwa wingi, pamoja na protini na chuma. Kijana anayekua huhitaji karibu miligramu 1,300 za kalisiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ya robo lita hutoa kama miligramu 300. Anayeshindwa kununua maziwa kila siku anaweza kufika mbali kwa omena, mboga za osuga na dek, na uji wa wimbi. Chumvi na mafuta mazuri visikatwe. Ugali usiogopwe. Katika miezi ile ya kwanza nilimtaka msichana ale mara tatu na vitafunio mara mbili, njugu, yai, parachichi, chochote, hata kama hajasikia njaa. Mtu aliyeizoea njaa huacha kuisikia.

Aidha, tulipima damu yake. Ilikuwa chache. Katika miji ya kando ya ziwa hili malaria, minyoo na kichocho hunyonya damu kimya kimya, na mchezaji mwenye damu chache huchoka upesi, hutua vibaya, huumia. Daktari wa wachezaji kule Ulaya hawazi habari ya kichocho. Wewe uliyelelewa hapa na kuogelea Dunga ukiwa mtoto, mwambie daktari wako akupime.

Jambo lingine la eneo letu ni selimundu. Wachezaji wa baleti huumwa nyonga, na wengi wataambiwa ni misuli tu. Lakini mwenye selimundu anaweza kuumwa nyonga kwa sababu kile kichwa cha mfupa wa paja kinakufa kwa kukosa damu. Nimemwona kijana aliyekandwa kwa mafuta mwaka mzima kumbe tatizo lilikuwa hilo. Kama hujui hali yako ya selimundu, na nyonga inauma, jambo la kwanza ni kipimo cha damu, na la pili ni eksirei.

Viungo vilivyofunguliwa

Mguu wa baleti hugeuzwa nje. Hilo ndilo umbo lake. Mpiga ohangla hukunja magoti, hutuliza wayo wote ardhini na kuiachia nyonga kazi. Mchezaji wa baleti hunyoosha goti, hugeuza vidole kando na kupanda juu ya vidole. (Usidhani nasema ohangla haina majeraha. Kila Desemba baada ya matanga na harusi naletewa viuno.) Kugeuka huko kunapaswa kutoka nyongani. Lakini nyonga zetu si sawa. Jinsi kikombe cha nyonga kilivyokaa ni majaliwa ya kuzaliwa, na hakuna mazoezi yatakayokibadilisha kwa mtu mzima. Anayekosa mgeuko nyongani huuiba kwingine: hulizungusha goti, huangusha upinde wa wayo. Akiwa na miaka 14 haumwi. Akiwa na miaka 25, ameacha densi, anashuka ngazi za ofisi na kilegesambwa chake kinamchoma.

Kama umewahi kucheza na sasa magoti yanauma, tazama unavyosimama kwenye foleni. Ukikuta vidole vinaelekea kando kama mikono ya saa ya nane kasoro kumi, jifunze kuvielekeza mbele. Wengi huendelea kutembea jukwaani miaka kumi baada ya jukwaa.

Wapo pia waliozaliwa na viungo laini kupita kiasi, nao ndio walimu wa baleti huwapenda. Unaweza kujipima mwenyewe. Je, kidole chako kidogo cha mkono hupinda nyuma hadi kusimama wima? Kidole gumba hugusa mkono wa mbele? Kiwiko hupinda kinyume? Goti nalo? Kila upande una alama moja, jumla nane, na ya tisa ni kugusa sakafu kwa viganja vyote viwili bila kukunja magoti. Mtu mzima mwenye alama tano au zaidi ana viungo laini. Si ugonjwa kwa hakika. Lakini akiacha mazoezi ghafla, misuli iliyokuwa ikivishikilia viungo hivyo hulegea, na hapo ndipo bega huchomoka akiinua ndoo ya maji. Kwa hiyo nasisitiza: aliyecheza miaka mingi asiache kwa siku moja akakaa kitako. Na asijinyooshe zaidi. Hilo analo tayari. Anahitaji nguvu. Kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kushika, kupanda ngazi, kubeba mtungi kwa mkono mmoja kisha mwingine, kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Haya hayahitaji jimu.

Nyuma ya kifundo cha mguu baadhi ya watu wana kifupa kidogo cha ziada. Mtu wa kawaida hufa bila kukijua. Mchezaji anayesimama juu ya vidole hukibana mara elfu, naye huhisi maumivu nyuma ya kisigino ambayo huitwa kano hadi lini. Wengi hupona wakiacha kusimama hivyo. Wachache huhitaji upasuaji.

Maumivu ya kinena kwa mchezaji aliyekonda, yanayozidi akitua kwa mguu mmoja, nayaweka peke yake. Hayo usiyangojee. Huenda shingo ya mfupa wa paja imepata ufa, na ikikatika kabisa ni upasuaji mkubwa. Acha kutembea kwa mguu huo na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa Kisumu, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia, ina madaktari wa mifupa.

Na kwa mzazi mwenye mtoto anayeanza leo: asipandishwe juu ya vidole kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo umri si kila kitu. Awe amefunzwa miaka kadhaa, na kifundo na kiuno viwe na nguvu. Mwalimu anayempandisha mtoto wa miaka minane ili wazazi wapige picha, mwondoe mtoto hapo.

Mwili unaoamka saa kumi na moja

Nilipoanza kuuliza, nilipata wengine. Si wengi; Manyatta si Paris. Mmoja ni kijana wa miaka 26 anayeendesha tuktuk kati ya Kondele na mjini. Alikuja kwa mgongo. Wavulana wa baleti huinua wenzao juu ya kichwa, na wakianza kabla misuli haijakomaa, uti wa mgongo wa chini unaweza kupata ufa. Wake ulikuwa na hali hiyo, ufa wa zamani, na kiti cha tuktuk katika barabara zetu kilimalizia.

Tulipokwisha kuzungumza mgongo, hakuinuka. Akaniambia kwamba kila siku mwili wake huamka wenyewe saa kumi na moja alfajiri tayari kwa mazoezi, na hakuna pa kwenda. Hulala macho mpaka kuche. Baba yake alikuwa amemkataza tangu mwanzo, akisema hiyo si kazi ya mwanamume, naye aliporudi bila kitu, mzee hakusema neno. "Afadhali angenigombeza, daktari," akasema.

Nimejifunza kuuliza habari hii, na ninawaomba wenzangu waulize. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka minane, aliyefanya mazoezi siku sita kwa juma, aliyejulikana na kila mtu kama "yule wa densi", anapoacha hupoteza kazi, marafiki, ratiba na jina kwa siku moja. Kwa baadhi huwa ni matanga kabisa. Dalili ni zile zile za unyogovu kwa watu wengine: usingizi kupotea au kuzidi, chakula kukosa ladha, kukwepa watu, hasira kwa mambo madogo, kutoona maana ya kesho. Zikidumu majuma mawili, ni ugonjwa na una tiba. Akitamka kwamba hataki kuishi, usimwachie peke yake hata usiku mmoja, na usimwambie avumilie kama mwanamume.

Chakula nacho huleta taabu ya aina yake baada ya kuacha. Yule aliyejinyima miaka kumi anaweza kula bila kusimama, kisha akajitapisha kwa hofu ya kunenepa. Kuongezeka kilo kadhaa baada ya kuacha baleti ni jambo la kawaida na mara nyingi ni la heri. Ninyi shangazi na majirani, tafadhali, acheni kumwambia binti "umenona" kila mnapokutana naye Kibuye. Najua mnasema kwa kumpongeza. Yeye husikia vingine.

Kijana wa tuktuk nilimpeleka kwa mtaalamu wa fizio na kwa mshauri nasaha. Kwa mshauri alikwenda mara mbili akaacha. Kilichomsaidia zaidi, kwa maneno yake, ni kwamba mama mmoja wa kanisa alimwomba awanyooshe vijana wa kwaya kila Jumamosi asubuhi. Siwezi kuandika hilo kwenye karatasi ya dawa.

Msichana alivaa kiatu kigumu kwa majuma saba, hakuruka kwa miezi mitatu, akala omena wa shangazi yake. Hedhi ilirudi mwezi wa sita, nyepesi, kisha ikatulia. Mfupa umeshikana. Kama akiba aliyoikosa itarudi yote, hakuna kipimo hapa mtaani cha kuonyesha. Mashine ya kupima uzito wa mifupa si ya kila hospitali, na nimemshauri aipate siku atakapoweza. Hachezi tena kwa kutafuta kazi. Ameomba nafasi chuoni KMTC kusomea fizio, na mwaka huu alinijia na fomu ya afya nimjazie. Palipoulizwa mivunjiko ya mifupa ya awali tuliandika pamoja.

Ikiwa wewe pia uliwahi kucheza, baleti au sarakasi, na una maumivu yasiyoisha, utakapokwenda kwa daktari mtajie miaka uliyocheza, umri ulipoanza, tarehe ya hedhi ya mwisho kama wewe ni mwanamke, na kila mfupa uliowahi kuvunjika. Usingoje aulize, huenda foleni yake ni ndefu kama yangu. Chukua pia viatu vyako vya zamani ikiwa bado unavyo, maana jinsi soli ilivyolika humwonyesha mtu wa fizio mahali ulipokuwa ukiuweka uzito wako.